Namna ya Kuhamia Kijiji cha Kilimani Ufaransa na Kubaki Mgeni

Kwanza chagua kilima. Kazi hii haina ugumu, kwani huko Vaucluse, kusini-mashariki mwa Ufaransa, karibu kila kilima kimebeba kijiji. Ukisimama Bonnieux, Lacoste inakutazama kutoka ng'ambo ya bonde. Ménerbes haiko mbali. Gordes iko upande wa kaskazini, nyumba zake zimeshikana ukingoni mwa genge utadhani zinaogopa kuanguka. Kote huko utakuta mawe, kanisa juu, mizabibu chini, na duka linalouza sabuni na vifuko vya lavenda. Mwongozo huu unakushauri uchague Roussillon, kijiji chenye wakazi takriban 1,300, kwa kuwa wageni wamekijaribu kwa bidii na matokeo yao yameandikwa.

Roussillon imekaa juu ya udongo wa rangi: wa manjano, wa chungwa, na mwekundu uliokolea. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 udongo huo ulichimbwa, ukaoshwa ili mchanga utoke, ukakaushwa, ukasagwa na kuuzwa kama rangi hadi ng'ambo. Kisha zikaja rangi za viwandani na soko likaporomoka. Leo machimbo ya zamani ni njia ya matembezi yenye lango na kiingilio. Msomaji wa kwetu, aliyefua soksi zenye vumbi jekundu tangu darasa la kwanza, atashangaa kumwona mtalii wa kutoka Paris akilipa euro kadhaa ili vumbi la namna hiyohiyo limchafulie viatu vyeupe. Asicheke kwa sauti. Alipe, aingie, apige picha.

Utaambiwa kwamba wekundu ule ni damu. Bibi Sermonde, mke wa bwana wa ngome, alimpenda mshairi kijana. Mume akamuua mshairi, akaamuru moyo wake upikwe, akampa mkewe ale, na bibi alipoambiwa amekula nini akajirusha gengeni. Hadithi tamu, na inauza kadi za posta. Kasoro yake ni moja tu: mshairi mwenyewe, Guillem de Cabestany, alikuwa mtu wa Roussillon nyingine, ile ya mpakani na Hispania, zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapo. Usimsahihishe mtu. Mgeni anayeanza kwa kusahihisha damu ya wenyewe hatapewa hata kahawa.

Jambo jingine la kuelewa kabla hujatoa senti ni kwamba hakuna mkulima aliyewahi kupanda kule juu kufuata mandhari. Watu walijibanza kilimani kwa hofu. Karne za kati zilikuwa na majambazi, askari wasiolipwa mishahara na mabwana waliopigana na majirani zao, na aliyekaa juu aliwaona wakija. Tena ardhi tambarare ilikuwa ya kulima, na kuijengea nyumba ilikuwa ubadhirifu. Bei ya usalama huo ililipwa na migongo: kuni, magunia, mapipa ya divai, yote yalipandishwa na punda au na binadamu. Kwa hiyo amani ilipotulia, zikaja barabara na maji ya bomba, na wenye akili wakateremka.

Oppède ndiyo ushahidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakazi wake walikuwa wamehamia bondeni, na ofisi ya meya ikawafuata. Kijiji cha juu kikabaki magofu. Ufaransa iliposhindwa vitani mwaka 1940, kikundi cha wasanii na wasanifu majengo kikaenda kujihifadhi humo, akiwemo msanifu Bernard Zehrfuss na Consuelo de Saint-Exupéry, mke wa yule rubani mwandishi. Consuelo akakiandikia kitabu. Wao waliona uzuri, na sidhani wakulima wa bondeni walielewa wanaona nini. Tangu hapo biashara ya eneo zima inaeleweka kwa sentensi moja: unauziwa, kwa bei ya kuruka, taabu ambayo babu yake muuzaji aliikimbia bure.

Ukishakubali hilo, tafuta nyumba. Dalali atakuonyesha nyumba ya ghorofa tatu, kila ghorofa ina chumba kimoja, ngazi zimejipinda katikati, na dirisha moja linalotazama milima yote ya Luberon. Atakaa kimya ukiwa dirishani. Dalali wa huko anajua kazi yake, hasemi neno mpaka umalize kuugua. Wewe uliza swali moja tu: wenye nyumba ni wangapi? Sheria ya urithi ya Ufaransa, ambayo mizizi yake ni ile sheria ya kiraia ya Napoleon ya mwaka 1804, haimruhusu mzazi kumnyima mtoto fungu lake. Matokeo yake, nyumba ya bibi ni ya watoto wanne, halafu ya wajukuu kumi na mmoja, na mmoja wao yuko Lyon, hajaja tangu mazishi, lakini hakubali iuzwe kwa sababu ya kabati. Msomaji aliyewahi kukalia mkeka wa kikao cha mirathi atajisikia yuko nyumbani. Hapo tu ndipo atakapojisikia hivyo.

Kuna njia ya mkato, ya kisheria kabisa, inayomfaa mtu mwenye moyo mgumu: unamtafuta mzee mwenye nyumba, unakubali kumlipa kiasi fulani kila mwezi maisha yake yote, naye akifa nyumba inakuwa yako. Kufa kufaana, kwa mhuri wa serikali. Kabla hujatia saini, jisomee habari za Arles, mji ulio jirani. Mwaka 1965 notari mmoja alikubaliana hivyo na bibi wa miaka 90 aliyeitwa Jeanne Calment, faranga 2,500 kwa mwezi. Alilipa miaka thelathini, akafariki mwaka 1995. Bibi alikuwa bado anakunywa divai yake. Mjane wa notari akaendelea kulipa hadi Agosti 1997, Calment alipofariki akiwa na miaka 122, umri mkubwa kuliko wa binadamu yeyote ambaye vyeti vyake vimethibitishwa. Hewa ya huku ni nzuri sana kwa wauzaji.

Ukinunua kwa njia ya kawaida, tenga asilimia saba au nane juu ya bei kwa ajili ya notari na kodi anazoikusanyia serikali. Ukishasaini mkataba wa awali, sheria inakupa siku kumi za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Zitumie vizuri. Nunua mtungi wa gesi wa kilo 13, ambao pamoja na chuma chake unapita kilo ishirini, uegeshe gari pale wanapoegesha watalii, kisha uubebe mpaka mlango wa nyumba yako mtarajiwa, saa nane mchana, mwezi Julai. Ukifika bado unaipenda nyumba, endelea. Uliza pia kuhusu kodi: ile ya makazi ilifutwa mwaka 2023 kwa nyumba ambayo mtu anaishi, lakini mwenye nyumba ya mapumziko anaendelea kulipa. Serikali ya Ufaransa inajua kutofautisha mapenzi ya kweli na ya likizo.

Sasa unataka kupaka rangi mbao za madirisha. Pole. Ukiwa ndani ya mita 500 kutoka jengo la kihistoria na jengo hilo linaonekana, na katika kijiji cha kilimani kila kitu kinaonekana kutoka kila mahali, kuna msanifu wa serikali mwenye kauli juu ya nje ya nyumba yako: vigae, plasta, madirisha, kila kitu. Bluu uliyoiona kwenye jarida haimo katika orodha yake. Utajaza fomu, utapiga picha nyumba kutoka mbele, kutoka mbali na kutoka mbali zaidi, na utaandika barua ukieleza kwa nini ukuta wako unastahili kubaki ukuta. Baada ya hapo utaruhusiwa kutumia rangi ileile iliyokuwepo. Sitanii sana. Na kwa kweli, bila huyo bwana, Roussillon ingekuwa na mabati ya kijani na tangi la plastiki juu ya kila paa, na wewe usingeitamani.

Kibali kikishatoka, itabidi umngoje fundi. Hapa Roussillon ina mtaalamu wa kimataifa. Samuel Beckett, Mwairishi, alifika kijijini mwaka 1942 akiwakimbia Wanazi baada ya kikundi chake cha upinzani huko Paris kusalitiwa. Akafanya vibarua vya shamba, akavuna zabibu, akaandika riwaya yake Watt, akangoja vita viishe. Miaka michache baadaye akatunga tamthilia ya watu wawili wanaomngoja mtu asiyefika, na katika matini yake ya Kifaransa kijiji hiki kimetajwa kwa jina. Wahakiki wamejaza maktaba wakijadili ni nani hasa aliyekuwa akingojwa. Mtu aliyewahi kupiga simu kwa fundi bomba wa Vaucluse hana swali hilo.

Fundi akija, maana siku moja huja, mtazame kwa makini. Hatafungua sanduku la vifaa. Atasimama mbele ya ukuta, atauwekea kiganja, atapuliza hewa midomoni, kisha atauliza: "Nani alifanya kazi hii?" Swali hili mafundi wa dunia nzima wamerithishana, na jibu lake popote ni kimya. Hapa kuna nyongeza moja tu. Ukifuatilia sana, utagundua aliyefanya ile kazi ni mjomba wake. Mpe kahawa. Usimtajie bei uliyopewa na mwingine. Akikuambia atarudi wiki ijayo baada ya msimu wa kuwinda nguruwe mwitu, usiulize msimu unaisha lini. Utaambiwa, na hutapenda.

Wakati unangoja, jifunze adabu. Ufaransa ina jumuiya zenye meya wake takriban 35,000, zaidi ya nusu zina watu wasiofika 500, na katika zote hizo kuna kosa moja lisilosameheka: kuingia dukani bila kutoa salamu. Mswahili anayo nafasi nzuri hapa kuliko Mwingereza. Sisi tumelelewa kwamba huwezi kumuuliza mtu bei ya nyanya kabla hujajua ameamkaje. Basi sema bonjour kwa muuza mkate, kwa waliopanga foleni, kwa mzee aliye mlangoni, kwa mbwa wake. Ila zuia ule mwendelezo wetu wa habari za watoto na za kazi. Ukimuuliza Mfaransa habari za watoto wakati foleni imefika nje, atadhani umetumwa na idara ya kodi. Watu mliozoeana hupeana busu za mashavuni, na upande huu wa nchi mara nyingi ni tatu. Usihesabu kwa sauti. Ukiishia mbili mwenzako akiwa anakuja na ya tatu, mtagongana pua, na habari itafika mji wa Apt kabla ya soko la Jumamosi.

Soko lenyewe lina kanuni yake, nayo ni fupi: usiguse matunda. Muuzaji atakuuliza tikiti unalila leo jioni au kesho mchana, na atakuchagulia kwa saa. Wewe jibu kama mtu mwenye mpango. Adhuhuri kila kitu kinafungwa. Benki, posta, duka la misumari, kila mlango, mpaka saa nane au saa tisa. Chakula cha mchana hakijadiliwi. Ukialikwa, na ikatokea ni nyama ya ng'ombe iliyolala usiku kucha ndani ya divai, huenda ukakuta kitunguu kilichochomekwa karafuu. Hapo unaweza kusema jambo la kwenu bila kulazimisha, maana visiwa vya Bahari ya Hindi, Zanzibar ikiwemo, ndivyo vilivyoilisha Ulaya karafuu kwa zaidi ya karne. Lisemwe mara moja. Mgeni anayedai chungu cha watu kwa sababu ya karafuu anachosha.

Usiulize uyoga unatoka wapi. Hasa ule mweusi wa ardhini unaokua kwenye mizizi ya mialoni, unaotafutwa kwa pua ya mbwa wakati wa baridi na kuuzwa kwa bei ya kito kwenye masoko ya Carpentras na Richerenches. Wapo wazee wanaokufa na siri ya mti wao. Kumuuliza mtu mahali anapochimba ni sawa na kumuuliza namba ya siri ya benki, ila namba ya benki unaweza kutajiwa kwa bahati mbaya.

Sasa uje kwenye kiwanja, chini ya miplatani, saa kumi na moja jioni, ndipo mtihani wenyewe ulipo. Wanaume sita na mwanamke mmoja wanarusha tufe za chuma zenye uzito wa kati ya gramu 650 na 800 kuelekea kitufe cha mbao kilichotupwa mita sita hadi kumi mbele. Mchezo huu, petanki, ulizaliwa pwani ya hukuhuku, La Ciotat, mwanzoni mwa karne ya 20. Inasimuliwa kwamba ulianzishwa kwa ajili ya mchezaji mwenye baridi yabisi aliyeshindwa kukimbia kabla ya kurusha. Kwa hiyo miguu husimama pamoja, haitoki mahali. Ni mchezo pekee ninaoujua ambao kanuni zake ziliandikwa kwa huruma na unachezwa bila chembe ya huruma. Tazama ubishi ukizuka: tufe mbili, ipi iko karibu zaidi? Mmoja anachuchumaa, mwingine anatoa futi ya chuma mfukoni, wa tatu anainama mpaka shavu linagusa vumbi, na mtu ambaye hachezi kabisa anatamka hukumu kutoka kwenye benchi. Watapima milimita kwa muda mrefu kuliko walivyojadili bajeti ya kijiji.

Usiombe kucheza. Subiri uitwe. Huenda ukaitwa mwaka wa pili, wakimkosa mtu mmoja. Ukishindwa 13 kwa 0, mila inakutaka upige magoti ubusu makalio ya Fanny, mwanamke wa kuchorwa anayehifadhiwa baa kwa kazi hiyo tu. Ubusu, ucheke, ununue raundi. Na kama kuna mtu atadhani Mwafrika hajui kushika tufe, mkumbushe kwa upole fainali ya dunia ya mwaka 2016, iliyochezwa Antananarivo: Madagaska waliwafunga Benin. Wafaransa hawakuwemo. Wanaijua habari hiyo. Hawapendi kuianzisha wao.

Hali ya hewa inahitaji onyo. Upepo wa mistral hushuka na bonde la mto Rhône kutoka kaskazini na unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Watu wa huku husema huvuma siku tatu, sita au tisa, hesabu ambayo haijawahi kumsaidia mtu siku ya nne. Wazee walijenga nyumba zimeupa upepo mgongo, ukuta wa kaskazini hauna dirisha, na kengele za makanisa wakazitundika ndani ya vizimba vya chuma ili upepo upite usiangushe mnara. Wewe, bila shaka, utatoboa dirisha upande wa kaskazini kwa sababu huko ndiko kuna mandhari. Msanifu wa serikali akikukatalia, mshukuru.

Kelele nazo zitakuwepo. Saa ya kanisa hugonga, na katika vijiji vingi hugonga tena baada ya dakika moja au mbili, kwa faida ya aliyekosea kuhesabu. Jogoo hawana likizo. Kiangazi, joto likishapanda, nyenje dume huanza kulia mitini na hawanyamazi mpaka jua lizame. Mwaka 2018, huko Le Beausset karibu na Toulon, walitokea watalii waliomtaka meya apulizie dawa ili awanyamazishe. Bunge la Ufaransa likaona imetosha, kwani hata jogoo walikuwa wameanza kushtakiwa mahakamani, na Januari 2021 ikapitishwa sheria inayozitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa taifa. Samadi ya jirani yako sasa ina hadhi. Ukienda kulalamika kwa meya, atakusikiliza akiwa amekaa chini ya sanamu ya Jamhuri, na nje ya dirisha lake jogoo atawika akiwa na sheria mkononi.

Je, uandike kitabu kuhusu majirani? Hapa mifano ni miwili. Mwaka 1950 mwalimu wa chuo kutoka Marekani, Laurence Wylie, alihamia Roussillon na mkewe na watoto wao wawili wa kiume, akakaa mwaka mmoja, akawapeleka watoto shule ya kijiji, akahudhuria kila kikao alichoruhusiwa. Kitabu chake cha 1957 kinasomwa mpaka leo na wanaojifunza habari za Ufaransa, na ndani yake kijiji alikibadilisha jina akakiita Peyrane. Alikuta watu waliochoka na vita. Kwa nini upande miti ya matunda, walimuuliza, wakati majeshi mengine yatakuja kupigania humohumo? Aliporudi miaka kadhaa baadaye, miti ilikuwa imepandwa. Huyo ni mgeni aliyesikiliza. Mfano wa pili ni Mwingereza Peter Mayle, aliyeandika mwaka 1989 juu ya mwaka wake karibu na Ménerbes, akataja mahali kwa jina, akawachekesha wasomaji kwa mafundi na majirani. Kitabu kikauzwa kwa mamilioni, wasomaji wakapanda ndege, wakafuata ramani, wakaja kusimama kwenye lango lake. Hatimaye aliihama nyumba ile. Funzo la kibiashara ni kwamba wa pili alipata pesa zaidi na usingizi kidogo.

Msimu wa baridi ndio utakaokupima. Kuanzia Novemba mbao za madirisha zinafungwa nyumba baada ya nyumba, maana nyingi ni za watu wa Paris, Brussels na London. Duka la sabuni linafungwa. Mkahawa unaweka tangazo la kurudi Machi. Jioni kuna taa chache mtaa mzima, na gari la piza linalokuja mara moja kwa wiki linakuwa tukio la kijamii. Tarehe 11 Novemba nenda kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita, hata kama mvua inanyesha. Meya anavaa utepe wa rangi tatu, anasoma majina ya waliokufa kati ya 1914 na 1918, na baada ya kila jina watu wanajibu kwamba alikufa kwa ajili ya Ufaransa. Katika vijiji vingi vya vilimani majina yaliyochongwa ni mengi kuliko watu waliosimama kusikiliza. Utasikia ukoo mmoja ukitajwa mara tatu mfululizo. Hapo hakuna mzaha, na ukiwa umevaa kofia, ivue.

Upweke ukikushinda, shuka Marseille, si mbali kwa gari. Kuna maelfu kwa maelfu ya Wakomoro huko, na Kikomoro chao na Kiswahili chako ni ndugu wa karibu, mtaelewana kwa nusu ya maneno na kumaliza kwa mikono. Kula wali, cheka mpaka machozi, rudi kilimani umepona.

Baada ya miaka utagundua kwamba umefanya kila kitu sawasawa na bado unaitwa yule wa nyumba ya mama fulani, marehemu aliyekuuzia. Usihuzunike. Aliyehamia kutoka kijiji cha pili, kilomita tisa, akaoa hapa na kuzaa hapa, naye bado anaitwa wa kule. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule kilimani mgeni hapewi jembe hata mwaka wa ishirini. Anapewa risiti.

Kwa hiyo, kama haja yako hasa ni kuishi na watu wa Roussillon na si kuyamiliki mawe yao, ushauri wangu wa mwisho utamuudhi dalali. Tafuta chini. Bondeni, kando ya barabara ya Apt, kuna nyumba za plasta za kawaida, zenye gereji, kamba ya nguo, mbwa wa kuwinda na bomba lenye presha. Huko ndiko wanakoishi wengi wa wajukuu wa waliojenga kule juu. Watakuazima trekta, watakuuzia cheri kwa ndoo, na watakuita petanki upesi zaidi kwa sababu wanakuona kila siku. Mandhari nayo ni bora zaidi: kutoka bondeni unakiona kijiji kizima kilivyokaa juu ya udongo wake mwekundu, wakati aliyeko juu anaona maegesho ya mabasi. Na gari lako utaliegesha bure.